Mvumo wa Moyo, Homa na Upungufu wa Chembe Nyeupe za Damu: Namna ya Kutafuta Chanzo

Homa ni jambo la kila siku katika zahanati za Kibondo na Kasulu. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017 uliukuta Mkoa wa Kigoma ukiongoza nchini kwa maambukizi ya malaria miongoni mwa watoto wa chini ya miaka mitano: takriban mtoto mmoja katika kila wanne alikuwa na vimelea. Kwa sababu hiyo, mhudumu anayempokea mgonjwa mwenye joto la mwili huifikiria malaria kwanza, na mara nyingi huwa amefikiri sawasawa. Taabu huanza pale ambapo mgonjwa huyo, baada ya kuwekewa stetoskopu kifuani, anasikika kuwa na sauti isiyo ya kawaida kati ya mapigo ya moyo, kisha majibu ya picha kamili ya damu yanarudi yakionyesha kwamba chembe nyeupe zimepungua. Mambo matatu yamekutana katika mwili mmoja. Je, yana chanzo kimoja, au kila moja limekuja kwa njia yake?

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya matabibu, wauguzi na wataalamu wa maabara wa ngazi za zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya. Linawafaa pia wananchi wanaotaka kuelewa kwa nini mgonjwa wao anaulizwa habari za maziwa, mbung'o na dawa alizomeza mwezi uliopita, ilhali yeye amekuja kwa ajili ya homa. Mwongozo wa matibabu wa taifa unabaki kuwa ndio unaofuatwa katika kutoa dawa. Hapa linaelezwa jambo linalotangulia dawa, yaani kufikiri.

Sauti inayosikika

Moyo wenye afya hutoa sauti mbili kwa kila pigo, nazo ni sauti za vali zinapofunga. Mvumo ni sauti ya tatu inayojaza nafasi iliyo baina ya hizo mbili, na hutokea damu inapopita kwa msukosuko. Msukosuko huo unaweza kuletwa na vali iliyoharibika, tundu katika ukuta wa moyo, au damu kupita kwa kasi kuliko kawaida katika moyo usio na kasoro yoyote.

Hili la mwisho ndilo linalowapoteza wengi. Homa peke yake huuharakisha moyo na kuweza kuleta mvumo mwepesi. Upungufu wa damu hufanya hivyo kwa nguvu zaidi, kwa sababu damu iliyo nyepesi hukimbizwa kwa kasi ili oksijeni iwafikie viungo. Katika mkoa ambao malaria, minyoo ya safura na selimundu huwakausha watoto damu, mvumo wa namna hii ni wa kawaida mno. Mtoto mwenye hemoglobini ya gramu 5 anayesikika kuwa na mvumo laini kandokando ya mfupa wa kidari upande wa kushoto huenda hana ugonjwa wowote wa moyo. Uamuzi wa busara ni kutibu malaria na upungufu wa damu, kuandika katika kadi yake kwamba mvumo ulisikika, na kumsikiliza tena homa ikishuka na damu ikiongezeka. Mvumo ukitoweka, jambo limekwisha. Ukibaki, mtoto anahitaji kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti, ambacho wengi hukiita eko.

Ipo mivumo ambayo haingojwi. Mvumo unaosikika wakati moyo unapotulia, yaani baada ya sauti ya pili na kabla ya sauti ya kwanza ya pigo linalofuata, ni dalili ya ugonjwa hadi ithibitishwe vinginevyo. Vivyo hivyo mvumo mkali unaotetemesha kiganja kikiwekwa kifuani, na mvumo mpya kwa mgonjwa ambaye kadi yake ya mwezi uliopita inasema moyo wake ulisikika vema. Ndiyo maana kuandika ni sehemu ya uchunguzi: neno "mpya" halina maana pasipo rekodi ya zamani. Mhudumu asiisahau pia sauti ya mkwaruzo, kama ya ngozi mbili kavu zinazosuguana, ambayo si mvumo bali ni utando wa moyo uliovimba. Katika nchi yetu mkwaruzo huo humpeleka mtu moja kwa moja kwenye kifua kikuu.

Hesabu ya chembe nyeupe

Vitabu vingi huandika kwamba mtu mzima huwa na chembe nyeupe kati ya 4,000 na 11,000 katika kila mikrolita ya damu. Viwango hivyo vilitokana kwa sehemu kubwa na watu wa Ulaya na Marekani. Waafrika wengi walio kusini mwa Sahara wamezaliwa na hali ya kurithi, iitwayo Duffi hasi, ambayo huwafanya wawe na idadi ndogo zaidi ya nyutrofili katika damu inayozunguka bila madhara yoyote. Hali hiyo hiyo huwakinga na aina moja ya malaria, vivaksi. Kwa hiyo hesabu ya 3,400 kwa kijana wa Kasulu mwenye afya inaweza kuwa yake ya kila siku. Hapa tena kadi ya zamani ina thamani kuliko kitabu.

Jumla ya chembe nyeupe haitoshi. Kinachotakiwa ni kujua ni aina gani iliyopungua. Mashine ikisema jumla ni 2,800 na nyutrofili ni asilimia 30, basi nyutrofili ni 840 tu. Chini ya 1,000 ni hali ya kuangaliwa kwa makini; chini ya 500 mgonjwa mwenye homa yumo hatarini kufa kwa maambukizi ndani ya saa chache, na antibayotiki za sindano hazingoji majibu mengine. Ni lazima pia kutazama mistari mingine ya jibu lile lile. Chembe nyeupe zikipungua pamoja na nyekundu na chembe sahani, fikira huelekea kwenye uboho wa mifupa, au kwenye bandama iliyokua na kuzimeza chembe zote. Sampuli iliyoganda au iliyokaa saa nyingi juani kabla ya kufika maabara hutoa idadi ya uongo, na kurudia kipimo ni nafuu kuliko kumsafirisha mgonjwa kwa kosa la chupa.

Magonjwa yanayopunguza chembe nyeupe katika nyanda hizi ni mengi. Virusi vya aina nyingi hufanya hivyo kwa siku chache kisha hali hurejea. Malaria huweza kuzipunguza, na kwa kawaida zaidi hupunguza chembe sahani. Homa ya matumbo, kifua kikuu kilichosambaa mwilini, VVU na bruselosi zinajulikana kwa hilo. Bandama kubwa itokanayo na malaria ya muda mrefu, au na kichocho cha tumbo kwa watu waliokaa mwambao wa Ziwa Tanganyika, huleta upungufu wa polepole ambao huenda hauna uhusiano na homa ya leo. Na ipo hali ya kuogofya: maambukizi ya damu yaliyopita kiasi, hasa kwa wachanga na wazee, ambapo chembe nyeupe hupungua kwa kuwa zinatumika kuliko zinavyozalishwa. Huyo haonekani kuwa na ugonjwa wa kutatanisha. Anaonekana anakufa, na hutibiwa hivyo.

Dawa nazo zihesabiwe. Kotrimoksazoli na zidovudini kwa wanaohudhuria kliniki za tiba na matunzo, hidroksiurea kwa wenye selimundu, kloramfenikoli, zote zaweza kushusha chembe nyeupe. Dawa moja inastahili kutajwa peke yake. Mgonjwa wa tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi huwa na moyo unaokwenda mbio na mara nyingi mvumo wa kasi ya damu. Akipewa kabimazoli, kwa nadra dawa hiyo huzifuta nyutrofili zake karibu zote, naye huja na homa na koo linalouma. Mvumo, homa, upungufu wa chembe nyeupe: yote matatu yamepata jibu kwa kuitazama shingo na kuuliza "Mama, unatumia vidonge gani?" Dawa husimamishwa siku hiyo hiyo na mgonjwa hulazwa.

Magonjwa yanayoweza kuyaunganisha matatu

La kwanza kufikiriwa, kwa sababu huua lisipotambuliwa, ni maambukizi ya vali za moyo, yaani endokaditisi. Bakteria hujishikiza kwenye vali, mara nyingi ile iliyokwisha kuharibika, na kutoka hapo hurusha vipande vidogo kwenda ubongoni, figoni na kwenye vidole. Chembe nyeupe kwa kawaida huongezeka, lakini ugonjwa ukienda polepole na bandama kukua, zaweza kuwa za kawaida au pungufu. Kwa hiyo idadi ndogo haimwondoi mgonjwa katika shaka. Dalili za kutafutwa ni michirizi midogo ya damu chini ya kucha, damu katika mkojo hata isiyoonekana kwa macho, kupooza kwa ghafla upande mmoja kwa kijana, na homa isiyokatika kwa wiki kadhaa.

Vali hizo huharibiwa na nini? Katika Afrika Mashariki jibu linaloongoza kwa watoto na vijana ni homa ya baridi yabisi ya moyo, ambayo wataalamu huiita rumatiki. Huanza na koo. Wiki mbili hadi nne baada ya maambukizi ya koo, viungo vikubwa huvimba na kuuma kwa kuhamahama, leo goti, kesho kiwiko, na moyo hushambuliwa kimya kimya. Daktari Mmarekani T. Duckett Jones alitunga mwaka 1944 vigezo vya kuutambua ugonjwa huo, na vigezo hivyo, vilivyorekebishwa mara ya mwisho mwaka 2015, bado vinatumika. Homa hii haipunguzi chembe nyeupe. Ikiwa mtoto ana dalili za rumatiki na chembe nyeupe ni chache, kuna jambo la pili linaloendelea na halina budi kutafutwa. Mgonjwa aliyekwisha kugundulika hupewa sindano ya penisilini ya kukaa muda mrefu mwilini kila baada ya wiki tatu au nne kwa miaka mingi, na sindano iliyorukwa huweza kumgharimu vali. Swali la mhudumu liwe la moja kwa moja kwa mzazi: mtoto huyu aliwahi kuandikiwa sindano za kila mwezi, na ya mwisho ilikuwa lini?

Bruselosi inastahili nafasi kubwa kuliko inayopewa. Ng'ombe na mbuzi wanaotupa mimba ni habari ya kawaida kwa wafugaji wa Kibondo na Kasulu, na maziwa mabichi bado yanapendwa. Binadamu huambukizwa kwa maziwa yasiyochemshwa, kwa kuzalisha mifugo kwa mikono mitupu, na machinjioni. Homa yake hupanda na kushuka kwa wiki nyingi, jasho la usiku huloanisha shuka, mgongo na nyonga huuma, na kwa wanaume korodani huweza kuvimba. Chembe nyeupe huwa za kawaida au pungufu. Mara nyingi mgonjwa huwa amekwisha kutibiwa malaria mara tatu na homa ya matumbo mara mbili. Ugonjwa huu huufikia moyo kwa wagonjwa wachache sana, chini ya wawili katika mia, na mara nyingi huishika vali ya mshipa mkuu utokao moyoni. Lakini miongoni mwa wanaokufa kwa bruselosi, moyo ndio chanzo kikuu. Mfugaji mwenye homa ndefu, chembe nyeupe chache na mvumo mpya wakati moyo unapotulia ana bruselosi ya moyo mpaka ionekane vinginevyo.

Kipimo cha kuganda kwa vimelea kwenye seramu husaidia, ila huweza kuwa chanya kwa mtu aliyekutana na vimelea zamani, na kwa mfugaji hilo si ajabu. Kuotesha damu ni bora. Maabara iambiwe mapema kwamba bruselosi inashukiwa, kwa sababu vimelea hivyo huota polepole, na kwa sababu huwaambukiza wataalamu wa maabara kwa urahisi wakifungua sahani bila kinga.

Ugonjwa wa malale

Hapa nyanda za juu za Kigoma zina historia yao. Kasulu na Kibondo ni miongoni mwa maeneo ya zamani ya malale nchini. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwaondoa wakazi wa sehemu za Buha kutoka vijiji vilivyotawanyika msituni na kuwakusanya katika makazi ya pamoja, ili kuwatenga na mbung'o. Mbung'o hawakwisha. Misitu ya miombo inayoungana na Pori la Akiba la Moyowosi bado ni makazi yao, na wanaoingia humo kurina asali, kutafuta kuni au kuchunga hukutana nao. Vimelea huishi pia katika pongo na ng'ombe bila kuwaonyesha dalili kubwa.

Aina ya malale iliyopo Tanzania huenda haraka. Wiki moja hadi tatu baada ya kuumwa, homa huanza, huku mahali palipoumwa pakiwa pengine na uvimbe unaouma. Kichwa, tezi, mapigo ya moyo yanayokwenda mbio kuliko joto linavyostahili. Upungufu wa damu. Chembe sahani chache na mara nyingine chembe nyeupe chache. Misuli ya moyo huvimba, na moyo uliotanuka huachia vali zisifunge sawasawa, hapo mvumo husikika. Pasipo tiba, vimelea huingia ubongoni katika wiki au miezi michache, na mgonjwa hufa kwa kawaida kabla ya mwaka kuisha. Kusinzia mchana, kunakobeba jina la ugonjwa, huja mwishoni. Anayengoja kusinzia ndipo ashuku malale amechelewa.

Zamani malale mengi yaligunduliwa kwa bahati. Mtaalamu wa maabara alikuwa akitafuta malaria kwa hadubini, akaona tripanosoma wakijipindapinda kati ya chembe nyekundu. Kipimo cha haraka cha malaria kimeokoa maisha ya wengi, na hakuna anayetaka kurudi nyuma. Lakini kipimo hicho huona malaria peke yake. Hakioni malale, wala homa ya papasi iletwayo na kupe laini waishio katika nyufa za sakafu za udongo, ambayo nayo huonekana kwenye slaidi. Tena, aina inayotumika sana ya kipimo hicho huweza kubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya vimelea vya malaria kwisha, hivyo jibu chanya halithibitishi kwamba homa ya leo ni ya malaria. Kila mgonjwa ambaye homa yake imerudi au haikushuka baada ya dawa ya malaria anastahili slaidi, na tone bichi la damu chini ya kioo litazamwe papo hapo wakati vimelea bado wanatembea.

Inafaa kutaja kwamba vimelea vya bruselosi na vya malale vimebeba jina la mtu mmoja, David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza. Mwaka 1887 aligundua kisiwani Malta bakteria waliokuwa wakiwaua askari, na miaka michache baadaye, Zululand, aliona tripanosoma katika damu ya ng'ombe waliokuwa wakifa kwa nagana. Katika wilaya hizi mgonjwa mmoja anaweza kukutana na uvumbuzi wake wote wawili katika juma moja, kwa kunywa maziwa nyumbani na kulala porini.

Mfano wa kujifunzia

Ili hoja hizi zishikike, uchukuliwe mfano wa kubuni. Mwanamume wa miaka 34, mfuga nyuki, anafika kituo cha afya akiwa na homa ya wiki tatu. Kipimo cha haraka cha malaria kilikuwa chanya siku ya kwanza, akapewa dawa mseto. Homa ikapungua siku mbili, ikarudi. Duka la dawa likampa vidonge vya homa ya matumbo. Leo joto ni nyuzi 38.9, moyo unapiga mara 128 kwa dakika, uso umepauka, bandama inaguswa chini ya mbavu, na mvumo laini unasikika moyo unapokaza. Hemoglobini ni gramu 8.2, chembe nyeupe 2,900, chembe sahani 70,000.

Njia rahisi ni kuandika "malaria sugu" na kubadilisha dawa. Njia ya pili ni kuuliza mvumo unasema nini. Ni laini, ni wa wakati wa kukaza, na mgonjwa ana homa na upungufu wa damu: unaweza kuelezwa kwa hayo mawili. Lakini mapigo 128 ni mengi kwa joto hilo, na chembe zote tatu zimepungua. Kucha ni safi, mkojo hauna damu. Endokaditisi imepungua uzito bila kuondoka. VVU hakuna. Maziwa mabichi? Anakunywa, tangu utotoni. Bruselosi inapanda juu katika orodha. Mizinga yake iko wapi? Ndani ya pori, na mwezi uliopita alilala huko siku kumi. "Baba, uliumwa na mbung'o?" Anacheka, huko nani asiyeumwa. Nyuma ya bega kuna kovu jipya ambalo hakuliona kuwa jambo la kutaja.

Slaidi inachukuliwa kabla ya dawa yoyote. Katika uwanja wa tano wa hadubini, vimelea wanaonekana wakitembea.

Kilichomwokoa mtu huyu katika mfano ni swali kuhusu mahali alipolala, na dakika kumi za hadubini. Mvumo haukuwa wa vali. Ulikuwa wa damu nyepesi na msuli wa moyo ulioshambuliwa. Angepewa antibayotiki ya tatu, angerudi baada ya mwezi akiwa hajui jina lake. Anahitaji sasa kupelekwa hospitali, kuchukuliwa maji ya uti wa mgongo ili ijulikane kama ubongo umefikiwa, na kuanza tiba. Kwa miongo mingi tiba ilikuwa suramini na, ubongo ukifikiwa, melasoproli, dawa yenye sumu ya aseniki ambayo yenyewe iliua baadhi ya wagonjwa. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza feksinidazoli ya vidonge kwa aina hii ya malale, kwa wenye miaka sita na zaidi na uzito wa kilo 20 au zaidi. Dawa za malale hutolewa bila malipo kupitia shirika hilo, nazo huombwa kwa kupitia mganga mkuu wa wilaya. Jina la pori alilolala mgonjwa liandikwe katika taarifa, kwa kuwa wenzake wa mizinga huenda nao wana homa.

Wasiotajwa sana

Lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe, huunganisha homa, chembe nyeupe chache na vali zilizovimba pasipo bakteria kwa namna kamili kuliko takriban ugonjwa wowote mwingine. Humpata zaidi mwanamke kijana. Viungo vinavyouma, nywele zinazokatika, vidonda vya kinywa, upele wa mashavuni na protini katika mkojo vikiwa pamoja, ashukiwe. Saratani ya damu kwa mtoto mwenye kutokwa na damu kwenye fizi na madoa ya ngozi nayo huja na homa na mvumo wa upungufu wa damu. Mtoto aliyezaliwa na tundu la moyo anaweza kuugua surua au homa ya virusi kama mtoto mwingine yeyote. Mvumo wake ni wa zamani, homa ni ya leo, na mama yake ndiye anayejua tofauti hiyo akiulizwa kwa upole.

Jambo moja zaidi kwa usalama wa watumishi. Mkoa jirani wa Kagera ulipata mlipuko wa virusi vya Marburg mwaka 2023, na mwingine mwaka 2025 katika Wilaya ya Biharamulo. Homa hiyo hupunguza chembe nyeupe katika siku zake za mwanzo. Mgonjwa wa homa kali ya ghafla mwenye kutapika, kuhara au kutokwa na damu, na aliyesafiri au aliyehudhuria msiba wa mtu aliyekufa ghafla, atengwe kwanza na avaliwe glavu. Damu yake isichukuliwe kwa utaratibu wa kawaida kabla ya mganga mkuu wa wilaya kuarifiwa.

Kabla ya kumpa mgonjwa rufaa

Kosa linalojirudia zaidi ni antibayotiki kutangulia vipimo. Kwa anayeshukiwa kuwa na endokaditisi na ambaye hali yake ni tulivu, damu ya kuotesha huchukuliwa mara tatu, kila mara kwa kuchoma mahali tofauti, kabla ya dozi ya kwanza. Hata dozi chache za vidonge kutoka dukani huweza kuzuia bakteria kuota, na hapo daktari wa hospitali ya rufaa hulazimika kutibu kwa kubahatisha kwa wiki nne hadi sita. Ikiwa kituo hakina chupa za kuotesha, na mgonjwa anaweza kufika hospitali ya wilaya siku hiyo, apelekwe bila antibayotiki. Mgonjwa aliyezimia, mwenye presha iliyoshuka au nyutrofili chini ya 500 hapaswi kungojeshwa hata kidogo: achomwe sindano, ndipo asafirishwe.

Njia ya rufaa kutoka zahanati hupitia kituo cha afya na hospitali ya wilaya hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni mjini Kigoma. Wanaohitaji uchunguzi wa juu zaidi hupelekwa hospitali za kanda, Bugando iliyoko Mwanza au Chato, na wenye kuhitaji upasuaji wa vali huishia Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015. Safari hiyo ni ndefu na ya gharama kwa familia ya mkulima, na barua dhaifu huirudisha nyuma mwanzo wake.

Barua iandike siku homa ilipoanza, dawa zote alizotumia, pamoja na za dukani na za mitishamba, na tarehe ya dozi ya mwisho, mvumo ulisikika wapi kifuani, wakati wa kukaza au wa kutulia, na kama ulikuwapo kabla, idadi ya chembe nyeupe pamoja na asilimia ya nyutrofili, si jumla peke yake, jibu la slaidi, si la kipimo cha haraka tu, VVU, maziwa, mifugo, pori na safari. Kwa aliyetoka kambi ya Nyarugusu au Nduta, kadi ya kliniki ya kambi iambatanishwe, kwa kuwa huenda ndiyo pekee inayosema kama moyo ulikuwa na sauti hiyo mwaka jana. Slaidi yenyewe ifungwe kwa karatasi na kutumwa pamoja na mgonjwa, ili jicho la pili liitazame.